Haya ya Bado

Gereji ilikuwa ya ndugu wawili wa tumbo moja, na watu waliwajua kwa majina ambayo mama yao hakuwapa. Mkubwa aliitwa Bado. Mdogo aliitwa Tayari. Aliyewabatiza ni dereva mmoja wa teksi, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko gari lake, na majina yakawaganda kama grisi kwenye kucha.

Sababu ilikuwa wazi. Ukimpelekea mkubwa gari, ukarudi jioni ukamuuliza, "Vipi, fundi?" alikujibu, "Bado." Ukirudi kesho, "Bado." Hainui kichwa, haombi radhi, hakupi hata kiti. Atafungua kitu kile kile mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakikulia alivyotaka. Mdogo, hujamaliza kumweleza gari linaumwa nini, ameshafuta mikono na kusema tayari. Na kweli litawaka. Litatoka, litapita kona ya kwanza na ya pili. Likija kuzima, litazima mbele ya gereji ya mtu mwingine, na huyo ndiye atakayetukanwa.

"Huyu Bado," dereva wa teksi alipenda kuwasimulia wateja waliokaa juu ya matairi wakisubiri, "muulize kama ameoa. Atasema bado, na watoto wamejaa nyumba. Siku ya kufa malaika atapiga hodi, Bado atatoa kichwa chini ya gari amwambie, pita kesho."

Wateja walicheka. Tayari alicheka kuliko wote. Bado hakucheka, lakini alisikia. Mtu kulala chini ya gari haina maana masikio ameyaacha juu. Aliacha shule mapema ili baba yao apate mtu wa kumshikia taa, na baba alimfundisha jambo moja ambalo hakulisahau: chuma hakina haya. Binadamu ukimdanganya anaweza kukusitiri mbele za watu. Chuma kitakuumbua, tena siku una wageni.

Baba huyo huyo ndiye aliyeacha sheria ya kitambaa. Gari ambalo halijapona lilifungwa kitambaa chekundu kwenye usukani, na gari lenye kitambaa haliguswi, hata likiwa la mkuu wa polisi. Baba alipokufa, Tayari alianza kuvitumia vile vitambaa kufutia mikono. Bado aliendelea kuvifunga.

Katikati yao walikuwa na dada. Alikuwa na tanuri la mikate nyuma ya nyumba yake na pikapu nyeupe kuukuu ya kuisambazia madukani. Dada huyu alikuwa na tabia yake. Akija kuchukua pikapu, alimpita Tayari kama anavyopitwa mlinzi aliyesinzia, akaenda kuinama pale ilipotokeza miguu ya Bado, akaiuliza ile miguu:

"Kaka, tayari au bado?"

Ikisema bado, aliondoka kwa miguu, kreti ya mikate kichwani, bila kununa. Ikisema tayari, alipanda akaondoka bila hata kuijaribu breki pale uani. "Mimi breki yangu ya kwanza ni wewe," alimwambia siku moja. Bado alijifanya hakusikia, akaomba apewe spana. Lakini neno lile alilala nalo.

Basi pikapu ikaja ikiwa imelowa gurudumu la nyuma la kushoto. Bado aliinyanyua kwa jeki, akavua gurudumu, akafungua ndani. Ile silinda ndogo inayosukuma viatu vya breki ilikuwa imechoka, raba zake zimelika, mafuta ya breki yanatiririka kama pua ya mtoto. Breki ya mkono ilikuwa imekufa siku nyingi na dada alishaizoea hivyo. Bado aliagiza silinda nyingine dukani. Ikaletwa ya gari la aina tofauti. Akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, akavaa shati, akaenda kuitafuta mwenyewe.

Hakuipata. Alizunguka maduka mpaka jua likamkaa utosini. Aliporudi, pikapu ilikuwa chini, magurudumu yote manne mahali pake, na Tayari anafuta mikono.

"Umefanya nini?" Bado aliuliza.

"Nimeibana."

"Umebana nini?"

"Kale kapaipu kanakopeleka mafuta kwenye lile gurudumu. Nimekakunja, nikakapiga nyundo, nikakakunja tena. Haivuji hata tone. Magurudumu matatu yanashika, kaka. Pikipiki ina mawili tu na inasimama."

"Paipu ya chuma ukiikunja inapasuka pale pale ilipokunjika."

"Ni kwa leo. Kwa muda tu."

"Kwa muda yako ninaijua. Lile lori la mchanga lina kwa muda yako mpaka leo."

"Na linatembea," Tayari alisema, akawageukia waliokaa kwenye matairi. "Au halitembei, jamani?"

Walikubali kwamba linatembea. Dereva wa teksi, aliyekuja kutiwa upepo na sasa hakuwa na haraka tena, akajikohoza.

"Bado, mwache dada wa watu. Ukisubiriwa wewe mikate itaota mvi."

"Mkate hauoti mvi," mmoja alisema.

"Ule ukungu unafikiri ni nini? Ni uzee huo."

Wakacheka mpaka tairi moja likapoteza mtu.

Siku hiyo haraka ya dada haikuwa ya utani. Shule ya bweni iliyokuwa ng'ambo ya mteremko ilikuwa imemkubalia awe anawapelekea mikate. Leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, na mpishi mkuu alishamwambia kwamba asipofika kabla ya chai ya jioni asijisumbue tena. Alifika gerejini akitembea karibu kukimbia, unga ukiwa umemfika viwikoni, kitambaa cha kichwa kimeteleza nyuma. Aliiona pikapu iko chini. Akaona kitambaa chekundu bado kipo kwenye usukani, kwa sababu Tayari hakuwa amekumbuka hata kukitoa. Akasimama. Hakumtazama Tayari.

"Kaka," alisema. "Tayari au bado?"

"Bado!" waliitikia wale wa kwenye matairi kwa pamoja, kama darasa.

Gereji nzima ikacheka. Na dada naye akacheka. Kidogo tu, mdomo ulifunguka ukajifunga, lakini Bado aliuona. Wengine wote walikuwa wakimcheka tangu zamani na alikuwa amejijengea ngozi ya kuwapokelea. Kwa huyu hakuwa na ngozi.

"Muulize fundi wako huyo," alisema, akimwonyesha Tayari kwa kidevu.

"Nimekuuliza wewe."

"Kaka, sema basi," Tayari alisema. "Mtu ana safari."

"Haya," Bado alisema.

Neno hili haya lina mambo. Kuna haya ya kukubali. Kuna haya ya kumharakisha mtu. Kuna haya ya mama aliyechoshwa na mtoto mkaidi: haya, panda mti, ukianguka usinililie. Bado alitoa hiyo ya mama aliyechoka. Alimaanisha, haya, si mnajua kila kitu, endeleeni. Dada yake akapokea ile ya kukubali. Neno lilitoka mdomoni likiwa hili, likafika sikioni likiwa lile.

Dada alifungua mlango, akakifungua kitambaa chekundu. Hakukitupa. Alikikunja, akakikunja tena, kikawa kama leso ya mtu anayekwenda ibadani, akakiweka kwenye kidroo cha mbele. Bado alimwona akikunja. Alifungua mdomo. Wakati huo huo dereva wa teksi akasema, "Andikeni tarehe, Bado ametoa gari," na kicheko kikapanda tena, na mdomo wa Bado ukajifunga. Pikapu ikarudi nyuma, ikasimama vizuri langoni kupisha baiskeli, taa za nyuma zikawaka nyekundu, ikaingia barabarani.

"Umeona?" Tayari alisema. "Imeshika."

Bado aliingia chini ya gari jingine. Alishika spana, lakini alijikuta anaikaza nati ambayo alitakiwa kuifungua.

Dada alipakia mikate nyumbani, kreti hadi usawa wa kioo, akashika njia. Mteremko wa kuelekea shuleni si mkali, ila ni mrefu, na chini yake kuna bomba la maji ambapo watu hupanga ndoo mpaka barabarani. Alikanyaga breki nusu ya mteremko, ikashika. Akakanyaga tena, na hapo ile paipu ikapasuka pale pale ilipokunjwa, mafuta yote ya breki yakamwagika, na pedeli ikazama chini kama mguu unaokanyaga tope. Akaipampu, akikanyaga haraka haraka. Hakukuwa na kitu. Alipiga honi na watu wa bombani wakageuka kutazama, badala ya kukimbia, ndivyo watu walivyo. Basi akauchagua ukuta wa ghala uliokuwa kando ya barabara.

Hakuna mtu wa bombani aliyeguswa. Mikate iliruka ukuta, mingine ikatapakaa barabarani. Watu wakakimbia. Wengine walikimbilia mlango wa pikapu. Wengine walikimbilia mikate.

Hospitali ilimwokoa, ila goti la kulia lilikuwa limevunjikavunjika. Daktari alisema mguu utabaki, lakini hautakunjika tena. Pale kwenye korido, Tayari alilia kwa sauti. Alimkumbatia shemeji yao, mume wa dada, mtu mpole aliyekuwa akifanya kazi ya kupakua mizigo sokoni. Alikimbia huku na huku kutafuta maji, kiti, nesi. Watu walimshika mabega wakamwambia jikaze, mwanaume. Bado alisimama ukutani na ovaroli lake, macho makavu, na watu walimtazama wakaona makavu. Hakuna aliyemwambia ajikaze.

Mama yao aliwaita sebuleni kwake wote watatu, wanawe na mkwewe. Alikuwa mwanamke mzee asiyependa maneno mengi. Aliketi kwenye kochi lake chini ya picha ya marehemu, fimbo kati ya magoti, na hakumwandalia mtu chai.

Shemeji ndiye aliyeanza. "Shemeji," alimwambia Bado, kwa heshima ile ile aliyokuwa nayo siku zote, na ndiyo iliyouma. "Mwenzangu kabla hajaingizwa kupasuliwa aliniambia neno moja. Alisema, kaka alisema haya. Sikuja kugombana. Nataka tu kujua kama ulisema."

"Nilisema haya," Bado alisema. "Sikusema tayari."

"Kuna tofauti?"

"Ipo."

"Nieleze. Mimi si fundi."

Bado alitazama mikono yake. Alikuwa mtu wa kueleza mambo kwa kuyashika, na hili halikushikika. "Ilikuwa ile haya ya... ya kusema, mtajua wenyewe. Nilikuwa nimekataa. Huyu anajua kwamba nilikuwa nimekataa. Nilimwambia paipu itapasuka."

"Kaka alisema itapasuka," Tayari alikiri haraka, macho yakimlengalenga. "Lakini aliposema haya, mimi nikajua ameshaikubali. Yeye ndiye mkubwa. Mimi nani?"

Mama aliigonga fimbo sakafuni, mara moja, polepole.

"Ngoja nikuelewe, mwanangu," alimwambia Bado. "Kama ilikuwa haya ya kukubali, basi umekosea kazi. Fundi hukosea. Baba yako alikosea, nami nilikuwepo. Kama ni hiyo haya nyingine unayoisema wewe, basi ulijua. Ulijua, ukamtazama mwenzako anapanda, ukanyamaza. Sasa niambie mwenyewe niichukue ipi."

Bado aligundua kwamba ameingia kwenye mtego na kamba aliisokota mwenyewe. Alikuja pale na tofauti yake mkononi kama mtu aliyeleta ushahidi, na ushahidi ndio uliomfunga.

"Na huyu?" aliuliza mwishowe, akimwonyesha mdogo wake. "Aliyekunja paipu ni nani?"

"Huyu tunamjua," mama alisema. "Dada yako naye alimjua. Ndiyo maana hakumuuliza."

Tayari aliinamisha kichwa. Shemeji akampigapiga mgongoni. Mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyemfukuza Bado wala kumlaani, na angalau laana mtu hupata pa kuishika.

Pikapu ilivutwa hadi gerejini ikiwa imekunja uso. Tayari alitaka wainyooshe bodi, waipige rangi, ipate mtu wa kuinunua. "Ibaki ya nini, kaka? Kila nikiiona roho inaniuma." Bado aliipeleka kwenye kona ya ndani na kuanza kuifungua. Magari ya wateja yalimpita. Waliomuuliza hakuwajibu hata lile neno lake. Wakahamia kwa Tayari, na Tayari akawahudumia chapuchapu, kwa kicheko.

Alibadilisha silinda zote nne, si ile moja. Alitoa paipu zote za breki, mpaka zile nzima, akaweka mpya kutoka mbele hadi nyuma. Aliifufua breki ya mkono ambayo hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho ilishika lini. Alipofika kwenye dashibodi, kile kidroo kilikuwa kimejibana. Alikifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na makombo ya mkate, kalamu isiyo na wino, na kitambaa chekundu, kimekunjwa vizuri, kona juu ya kona, kama kilivyokunjwa na mtu aliyepewa ruhusa.

Alikaa kwenye kile kiti cha dereva muda mrefu. Halafu akakifunga kile kitambaa tena kwenye usukani, akaendelea na kazi.

"Hiyo pikapu mbona kama unaichumbia?" dereva wa teksi alimwambia asubuhi moja. "Tutakula lini pilau?" Hakuna aliyecheka sana. Hata yeye mwenyewe hakumalizia.

Ilipokwisha, Bado aliijaza mawe nyuma, uzito wa kreti za mikate na zaidi, akaipeleka kwenye ule mteremko, pembeni ya ule ukuta ambao bado ulikuwa na kovu jeupe. Alishuka nayo na kusimama. Akapanda, akashuka tena, akaacha kufunga breki mpaka karibu kabisa na bomba. Watu wa ndoo walikimbia safari hii. Pikapu ilisimama kama iliyopigiliwa misumari. Alishusha mawe, akafungua kitambaa, akaendesha hadi kwa dada yake.

Tanuri lilikuwa limepoa, na mdomoni mwake kuku alikuwa ametengeneza kiota. Dada alikuwa ameketi kwenye mlango wa jikoni, mguu umenyooka mbele yake juu ya kreti tupu ya mikate, anachambua mboga kwenye sinia. Alikuwa amenenepa uso kidogo, kama wanavyonenepa watu waliozuiwa kutembea.

"Karibu, kaka."

"Starehe." Alisimama. Funguo zilikuwa mkononi na zimepata joto. Kuna neno ambalo mdomo wake haukulizoea, na sasa alilazimika kulisema. "Pikapu. Iko tayari."

Dada aliitazama kupitia mlango wa ua. Ilikuwa nyeupe kuliko ilipokuwa mpya.

"Nani ataiendesha?"

"Wewe. Mguu ukipata nguvu."

"Mguu huu haukunjiki, kaka. Breki nitaikanyaga na nini?"

Bado aliutazama ule mguu. Muda wote kule kwenye kona ya gereji alikuwa ametengeneza kila kitu kinachofuata baada ya mguu kukanyaga. Mguu wenyewe hakuufikiria.

Dada alirudi kwenye mboga zake. Alitoa jani bovu, akaliweka pembeni. "Nikuulize kitu. Siku ile. Ulikuwa na nini?"

"Walicheka."

"Wanakucheka kila siku."

"Na wewe ulicheka."

Aliacha kuchambua. Akafikiri, akitafuta, na Bado aliona kwamba kweli anatafuta, kwamba hakukumbuka. Halafu akakumbuka.

"Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimechelewa," alisema. "Mtu akiwa na wasiwasi anacheka. Hukulijua hilo? Umri wote huo?"

Kuku alitoka tanurini, akapita kati yao, akatoka nje.

"Nisamehe, dada," Bado alisema.

"Haya," dada alisema, na akavuta sinia karibu.

Bado alisubiri kidogo, pengine kuna la kufuatia. Halikuwepo. Aliziweka funguo juu ya kreti, pembeni ya ule mguu, akatoka. Alikuwa mtu wa kusimama mbali na injini akakwambia ni pistoni ipi inayoumwa. Njia nzima, akirudi kwa miguu, alilirudia lile neno masikioni, alivyolisema, palipopanda na paliposhuka, na hakuweza kujua ni haya ipi. Na kurudi kumuuliza, hilo ndilo lilikuwa jambo moja ambalo hakuwa na uso wa kulifanya.